Mlinzi ametishia kuniitia mwizi ziwani, mbele ya mwanangu

Shikamoo Shangazi. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalojutia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 36, naishi Ilemela, Mwanza, kwenye mtaa unaopakana na Ziwa Victoria. Siku za kazi niko kibandani, lakini Jumamosi alfajiri nachukua mshipi na ndoano naenda kuvua. Sivui kwa biashara. Nikipata sato wawili watatu tunakula nyumbani, wakizidi jirani naye anapata. Marehemu baba alinifundisha kuvua nikiwa darasa la pili, tukiwa juu ya jiwe moja kubwa lililoingia majini. Na mimi nilishaanza kumfundisha mwanangu wa miaka 11 juu ya jiwe hilohilo.

Kwenda kwenye jiwe unapita kando ya kiwanja cha mtu. Mwenyewe alinunua mwaka 2019, haishi hapa, tunamwona mara mbili tatu kwa mwaka. Aliweka uzio wa seng'enge ukaishia kwenye mchanga, sisi tukawa tunapita kati ya nguzo ya mwisho na maji, hatugombani na mtu. Baadaye maji yakapanda, nguzo tatu za mwisho zikawa ziwani, tukaendelea kupita kwa kukunja suruali. Mwaka huu ameongeza wavu wa chuma mpaka kina cha kifuani. Ameziba pia kinjia cha miguu kilichokuwa pembeni ya kiwanja, ambacho akina mama wa mtaa walikuwa wanateremkia kuchota maji na kufua. Na ameweka majini vizimba vya kufugia sato, kama hatua themanini kutoka kwenye jiwe letu.

Wiki mbili zilizopita tulizunguka ule uzio kwa kupita majini, kijana nimembeba mgongoni. Hatukuwa tumekaa hata nusu saa, mlinzi akaja na mbwa na rungu. Nikamsalimia, hakuitikia. Akasema nyie ndio mnaomwibia bosi samaki. Nikamwambia tazama, nina mshipi mmoja na mtoto, naiba nini? Akapiga teke kikopo chetu cha chambo, kikaangukia mchangani. Halafu akasema hivi: "Siku nyingine sikufukuzi. Napiga kelele za mwizi, wananchi wamalizane na wewe." Mwanangu wakati huo ameinama anaokota minyoo mmoja mmoja, anaipangusa mchanga na kuirudisha kwenye kikopo, vidole vinatetemeka. Tangu siku ile hataki habari za kuvua, na ameniuliza mara mbili: "Baba, kwani sisi ni wezi?"

Wenzangu wanne tunaovua pale wanasema tukate ule wavu usiku. Grenda iko kibandani kwangu na wanajua. Mke wangu anasema niachane na ziwa, samaki wapo sokoni. Mimi nimesikia ziwa ni mali ya umma na kuna sheria ya mita 60. Sasa huyu anapata wapi nguvu ya kutufungia? Na kama eneo ni la umma, nikikata uzio nina kosa gani? Nisikufiche, Shangazi, tangu vizimba viwekwe samaki wa pale kwenye jiwe wamekuwa wanene sana, na ndiyo maana inauma zaidi kupaacha sasa.

Fundi, Ilemela

*

Marahaba, mwanangu.

Grenda ibaki kibandani. Naanza na hilo kwa sababu barua yako niliisoma usiku, na sikulala mpaka nilipoanza kuandika jibu. Wenzako wakikubana, waambie umeshamwahidi mtu mzima.

Nina sababu. Kabla sijaanza kazi hii nilikuwa natafuta riziki kwa kuanika na kuuza dagaa. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye ufukwe mmoja, na mtu akatuzibia njia kwa ukuta mfupi wa matofali. Haki ilikuwa upande wetu. Mwenyekiti wa mtaa aliijua ile njia, wazee walikuwa tayari kutoa ushahidi, barua ilishaandikwa ikawa inasubiri muhuri. Usiku mmoja wenzangu watatu wakaenda na sururu wakauangusha ukuta. Asubuhi wakachukuliwa, wakalala mahabusu siku mbili. Tangu hapo hakuna ofisi iliyotuuliza tena habari ya njia, kila tulikokwenda tuliulizwa habari ya ukuta. Aliyetuzibia akawa mlalamikaji, sisi tukawa watuhumiwa, na tulipomaliza kuchangishana fidia ya matofali, mtaji wa dagaa ulikuwa umekwisha. Ile njia imefungwa mpaka leo. Nikipita pale moyo unanichoma.

Kwa hiyo kosa utakalokuwa nalo ni kuharibu mali, na hilo ni jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Uzio ukiwekwa pasipostahili, wa kuamuru uondolewe ni mamlaka. Na wewe mwenye mashine ndiye wa kwanza kugongewa mlango.

Sasa hizo kelele za mwizi. Umeliweka katikati ya barua kama jambo dogo kati ya mengine. Kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote. Tunaishi mji mmoja, wewe na mimi tunajua kwamba mtu akiitiwa mwizi alfajiri, wanaokuja mbio na mawe hawaulizi leseni wala jina la baba yako. Aliyetamka vile ametishia uhai wako, na mtoto akiwa amesimama pale.

Kesho nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa ya kutishiwa. Taja tarehe, saa, na maneno yenyewe kama alivyoyasema, usiyapunguze wala kuyaongeza chumvi. Ondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, kisha umpelekee mwenyekiti wa mtaa. Kama hutaki mlinzi afunguliwe kesi, waambie hivyo. Unachotafuta ni jambo liwe limeandikwa kitabuni kabla ya siku mbaya, na mwajiri wake ajue kuwa limeandikwa. Angekuwa amekupiga, au mbwa amemng'ata mtoto, ungepitia hapohapo polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Namshukuru Mungu hamkufika huko.

Na mpaka mambo yakae sawa, jiwe liache. Tena usirudie kuzunguka uzio kwa maji ya kifuani na mtoto mgongoni. Ziwa hili lina mamba na viboko, na ukingo wenye magugu ndiko kichocho kinakokaa. Kwa hilo nimekukasirikia kama mama yako angekukasirikia.

Tuje kwenye mita 60, maana wanaoniuliza habari hii ni wengi, kuanzia Kayenze mpaka Luchelele. Umesikia sawa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hapo inalinda ukingo wenyewe. Haikupi ruhusa ya kukatiza kwenye kiwanja chenye hati ya mtu ili ufike majini. Kama uzio upo mahali pasiporuhusiwa, hilo ni swali la watu wa mazingira na ardhi. Kama mnayo njia ya kupita, hilo ni swali jingine, nalo lina mlango wake. Watu wakiyachanganya haya mawili ndipo mtu mwenye haki anapojikuta ameshtakiwa kwa kuingia kwa jinai.

Halafu zile nguzo tatu. Umeandika mwenyewe kwamba mwaka 2019 zilikuwa mchangani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, likapanda tena sana 2024, na wewe uliona vibanda na bustani za ukingoni zilivyomezwa. Hakuzipanda majini, maji ndiyo yaliyozifuata. Ukiingia ofisini ukasema "amejenga ndani ya ziwa", naye akatoa picha za wakati ule, kila utakalosema baada ya hapo litatiliwa shaka. Wavu wa chuma wa mwaka huu ni habari tofauti. Huo ameupeleka majini yeye mwenyewe, akiyaona maji yalipo. Na kinjia amekiziba yeye mwenyewe. Shikilia hayo mawili, nguzo ziache.

Kati ya hayo mawili, kinjia ndicho chenye nguvu. Jiwe linakuuma wewe na wenzako wanne. Kinjia ni cha akina mama wote waliokuwa wanateremka na ndoo, ni cha watoto, ni cha mtaa, na kilikuwepo kabla ya huyo bwana kununua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua njia za umma zinazopita kwenye ardhi ya mtu. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, omba kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, na uulize bikoni, yaani alama za mipaka, za kiwanja hicho zinaishia wapi. Nimewahi kuona mchoro ambao kichochoro cha kwenda ziwani kimeachwa wazi kabisa kati ya viwanja viwili, ila ukifika pale unakuta kimekuwa shamba la migomba. Kama na chenu kimechorwa, kazi imekuwa nyepesi. Kama hakikuchorwa, bado ushahidi wa wazee wa matumizi ya miaka mingi unasikilizwa, lakini uandikwe, na usainiwe.

Msiende mmoja mmoja. Muombeni mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, akina mama wazungumze wao wenyewe, na muhtasari upigwe muhuri. Barua iwe fupi, bila matusi, mfano hivi: "Sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba ofisi yako ituthibitishie kama njia ya miguu iliyo kati ya viwanja namba fulani na namba fulani ni njia ya umma kwa mujibu wa mchoro. Njia hiyo ilikuwa ikitumika kuchotea maji tangu mwaka fulani na imezibwa tangu mwezi fulani. Tunaomba ofisi itembelee eneo tukiwepo sisi pamoja na mmiliki." Ambatanisha muhtasari na picha mbili zilizopigwa mchana kutoka mahali pa wazi. Nakala mpelekee mtendaji wa kata. Kuhusu wavu ulioingia majini, NEMC, watu wa usimamizi wa mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria nayo iko hapahapa. Kila unakopeleka barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Karatasi isiyo na muhuri inapotea, nimeshuhudia.

Mmiliki akikataa kabisa, shauri la ardhi linaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mapatano mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Naamini hamtafika huko, ila ni vizuri naye ajue kwamba mnaijua njia hiyo.

Sasa nikuseme kidogo, maana na wewe una lako. Umeandika kwamba samaki wa pale wamenenepa tangu vizimba viwekwe. Wewe ni mvuvi, unajua sababu. Chakula kinachomwagwa kizimbani kinapita kwenye matundu ya wavu, na samaki wa nje wanakusanyika kuokota. Samaki huyo wa nje si wa bosi. Lakini mlinzi anayekuona alfajiri na mshipi, hatua themanini kutoka kwenye vizimba, hana namna ya kujua ndoano yako imetua wapi. Wezi wa vizimba wapo kweli. Wanakuja na mtumbwi usiku, wanachana wavu, na wavu ukishachanika samaki wa miezi mingi wanatoka kwa usiku mmoja, halafu asubuhi anayeulizwa ni mlinzi. Huenda hata mshahara wake umeshakatwa kwa ajili ya wizi ambao hukuufanya. Simtetei kwa lile tishio, na teke la kile kikopo lilikuwa la kumdhalilisha mtoto. Nakuonyesha tu kwamba njia na vizimba vimeshikana kichwani mwake, na nyie mkivitenganisha mtapata mlango wa kuzungumzia.

Uongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wenu, pale mitumbwi inapotia nanga, ukae katikati. Majina yenu watano yaandikwe, na namba za leseni zenu. Kama huna leseni ya uvuvi, anzia hapo kabla ya kumnyooshea mtu kidole, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na Afisa Uvuvi. Waambieni mko tayari kuvua baada ya jua kuchomoza badala ya alfajiri, na kutorusha ndoano upande wa vizimba. Na nyie muulize kwa upole kama vizimba vina vibali na mipaka yake imewekewa maboya, ili mjue mwisho wenu uko wapi. Mwenye vibali kamili hatakasirika kuulizwa. Mwenyekiti ndiye ampigie simu mmiliki, siyo wewe, na wala asiwe mwenzako mmoja mwenye hasira.

Ukikutana na mlinzi njiani au dukani, msalimie kama kawaida. Mtajie jina lako na mtaa wako, mwambie unavua kwa mshipi tangu enzi za baba yako na kwamba umeandikishwa BMU. Mtu anayejua jina lako ni vigumu kukuitia mwizi. Usibishane naye habari za sheria, hana mamlaka ya kufungua uzio hata kama angetaka.

Uwe tayari pia kwa jibu usilolipenda. Kuna maji yaliyofungwa kweli, na anayekuondoa hakuonei. Saanane, pale karibu na mjini, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, huwezi kutupa ndoano ndani ya mipaka yake hata kama babu yako alivua pale. Maeneo ya mazalia ya samaki nayo yamefungwa, na hayana uzio wa kukuonya, mpaka umuulize Afisa Uvuvi. Inawezekana mkarudishiwa kinjia cha maji na jiwe likabaki karibu mno na vizimba. Likitokea hilo nitaumia pamoja na wewe, kwa sababu ya baba yako. Hata hivyo kinjia kitakuwa kimepatikana, na akina mama watashuka na ndoo zao.

Mkeo anasema samaki wapo sokoni. Mimi nadhani anachoogopa ni kuletewa mume kwenye machela, hana ugomvi na samaki. Msomee barua hii. Mwambie kuhusu RB, mwambie grenda haitoki.

Kijana mjibu. Amekuuliza mara mbili na hukuniandikia ulimjibu nini. Mwambie: sisi siyo wezi, yule alikosea, na mimi nilikosea kukupitisha kwenye maji mengi. Umwambie yote mawili, la pili usilimeze. Siku unakwenda kwa mwenyekiti, kama ni Jumamosi, nenda naye, akae pembeni asikie baba yake akilieleza jambo hili kwa sauti ya kawaida. Baadaye mpeleke mahali penye wavuvi wengine, mchana, kwenye mwalo ambao BMU wanakujua. Akikamata sato mdogo, chini ya sentimita 25, mfundishe kumrudisha majini akiwa hai. Na sangara asipofika sentimita 50, vivyo hivyo. Mpe futi kamba ya mama yake awe anapima yeye.

Mkishapata majibu ya ofisi ya ardhi kuhusu kile kinjia, niandikie. Ukija na nakala ya mchoro nitaisoma.

Shangazi